Flavonoidi za kitunguu na chai zinazima kweli moto kwenye seli za kansa ya tezi dume? Nusu ya ile voisi ni kweli, njooni niwape nusu nyingine

Mzee wa Kisahani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo wiki ya tatu sasa, leo nalitoa maana limeshaingia mpaka nyumbani. Baba yangu mdogo ana miaka 71, ana kansa ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, anachomwa sindano ya homoni kila miezi mitatu na ilikuwa imemkubali vizuri, PSA (ile protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu kufuatilia kansa) ilitoka 86 ikashuka mpaka haifiki 1, mzee analima, anapanda ngazi za kanisani mwenyewe. Sasa kwenye grupu la ukoo mtu akatupia voisi ya dakika nne, jamaa ana sauti ya uhakika kama mtangazaji wa mpira, anasema wanasayansi wamegundua flavonoidi, yani kemikali za asili za kwenye mimea, zinatuliza mchochota na kuua seli za kansa ya tezi dume, hospitali wanawaficha, na bahati nzuri yeye anao unga wake, kopo elfu themanini. Mzee akaruka sindano mbili. Juzi tumempima, PSA 14.

Kilichoniuma sio kwamba jamaa kadanganya. Angedanganya moja kwa moja ningemalizana naye kwa mstari mmoja. Shida ni kwamba nusu ya ile voisi ni kweli kabisa na hiyo nusu naijua kwa mikono yangu. Nilipokuwa masomoni nje nilikaa miaka miwili kwenye maabara kazi yangu kulisha hizo hizo seli na kuzimwagia hizo hizo flavonoidi, kwahiyo ngoja niwaeleze kinachotokea mle ndani alafu nyie wenyewe mtaona voisi ilikatikia wapi.

Kwanza hizo seli. Ukisikia "seli za kansa ya tezi dume" kwenye utafiti wa aina hii usifikirie mgonjwa kalala kitandani, fikiria chupa ya plastiki ina maji mekundu kama sharubati ya rozela, imekaa kwenye kabati la nyuzi 37. Maarufu ni tatu. PC-3 zilitoka kwenye mfupa wa mzee wa miaka 62 na taarifa yake ikachapishwa 1979, DU145 zilitoka kwenye ubongo wa mgonjwa mwingine miaka hiyo hiyo ya sabini, na LNCaP zilitolewa 1977 kwenye tezi ya limfu ya mtu wa miaka 50 kule Buffalo, jimbo la New York. Mpaka leo zinagawanyika kwenye maabara dunia nzima. LNCaP bado zinategemea homoni ya kiume ndo zikue, PC-3 na DU145 hazina habari nayo. Na LNCaP zina deko sana aisee, ukitingisha chupa kidogo tu zinabanduka zote unaanza upya.

Sasa mchochota. Ukijikata kidole pakavimba, pakawa pekundu na joto, huo ni mchochota wa siku chache na ni wa faida, mwili unatuma askari. Shida ni ule usiozima. Rudolf Virchow kule Ujerumani aliona chembe nyeupe za damu ndani ya vivimbe vya kansa tangu 1863, na mwaka 1999 watu wa Johns Hopkins pale Baltimore wakaeleza sehemu za tezi dume ambazo zimesinyaa, zina mchochota, na hapo hapo seli zake zinagawanyika kuliko kawaida, wakahisi kansa inaweza kuanzia mitaa hiyo. Kwahiyo habari ya moto kwenye tezi dume sio hadithi ya muuza unga.

Ndani ya seli huo moto una swichi inaitwa NF-kB. Seli ikiwa imetulia hiyo swichi inazuiwa nje ya kiini na mlinzi anaitwa IkB. Ikitokea dharura kuna kimeng'enya kinaitwa IKK kinampiga mlinzi muhuri, akishapigwa muhuri anavunjwavunjwa, NF-kB inapita mlangoni mpaka ndani ya kiini inawasha jeni za COX-2, interleukini 6, interleukini 8 na ukoo wao, ambao ndo wachochezi wa mchochota, pamoja na jeni zinazoizuia seli isife hata kama imezeeka na kuharibika. Seli ya kawaida dharura ikiisha inazima. PC-3 na DU145 zenyewe taa inawaka usiku na mchana, mlinzi kila akiletwa mpya anavunjwa.

Hapo ndo flavonoidi zinapoingia. Apijenini, ile ya kwenye kotimiri ya Kizungu na maua ya kamomaili, kundi la Sanjay Gupta pale Cleveland walionesha 2015 kwamba inaenda kukaa kwenye IKK yenyewe, muhuri haupigwi, mlinzi anabaki kazini, na panya waliotengenezwa ili wapate kansa ya tezi dume walipopewa kwa mdomo kansa yao ikaenda taratibu. Kwasetini ya kwenye kitunguu, watu wa Mayo Clinic walionesha 2001 kwamba kwenye LNCaP inapunguza kile kipokezi cha homoni ya kiume. Luteolini, jenisteini ya soya, katekini za chai ya kijani, zote zina tafiti za namna hiyo, nyingi mno, ukianza kuzisoma leo utastaafu hujamaliza.

Na mimi niliona. Kwasetini ni unga wa njano kama binzari, kwenye maji haiyeyuki hata uibembeleze vipi, inabidi uiyeyushe kwanza kwenye kimiminika kinaitwa DMSO, ambacho kikikudondokea mkononi baada ya muda kidogo unasikia ladha ya kitunguu saumu mdomoni, sio utani. Unaweka kwenye kisahani chenye visima 96, kesho yake unapima. Interleukini 6 imeshuka, COX-2 imeshuka, seli zimejikunja kama karanga zilizoungua. Siku ya kwanza nilipiga simu nyumbani usiku kabisa, mama akadhani nimefiwa.

Nitaendelea, vidole vimechoka. Maswali karibuni.

Sijui Kitu

Mkuu umeandika vizuri ila sisi wa darasa la saba tuambie moja, zinaua au haziui?

Mzee wa Kisahani

Kwenye kisahani zinaua. Hapo ndo voisi ilipoishia.

Sasa nusu ya pili. Nilikuwa naweka kiasi gani? Tafiti nyingi hutumia kati ya maikromola 10 na 100 (kipimo cha ukolezi wa kitu kwenye maji), mimi nilikuwa naweka 50. Kwa kwasetini hiyo ni kama miligramu 15 kwenye kila lita. Unaona ni kidogo eeh? Haya njoo kwa binadamu. Mtu mzima ana kama lita 3 za maji ya damu, achilia mbali chembe zake, kwahiyo ili damu yake ifanane na kisahani changu anahitaji miligramu 45 ziogelee zote kwa pamoja, zikiwa nzima, na zikae hapo kutwa nzima kama zilivyokaa kwenye kisahani. Kitunguu cha gramu 100 kinaweza kuwa na miligramu 20 mpaka 40 za kwasetini, vyekundu ndo vina nyingi, na nyingi iko kwenye yale maganda ya nje tunayotupa. Ukila, sehemu inapita tu haigusi damu. Inayofyonzwa, utumbo na ini vinaikamata hapo hapo vinaibandika vitu vingine juu yake ili itoke kwa mkojo, kwahiyo inayozunguka kwenye damu sio tena ile kwasetini tupu niliyokuwa namwaga mimi, na hata ukijumlisha na hizo zilizobandikwa kiasi chake baada ya mlo wa vitunguu mara nyingi kinazunguka maikromola 1 au chini ya hapo. Mimi nilikuwa natumia 50. Umenielewa darasa la saba?

Sijui Kitu

Nimekuelewa sana. Yani ni sawa na kusema moto wa jiko la gesi unaivisha maharage alafu mtu akakuuzia njiti ya kiberiti.

Mzee wa Kisahani

😂😂 Wewe ungekuja kutetea tasnifu yangu.

Mwiba wa Porini

Nyie wasomi ndo mnatuchelewesha. Mnadharau dawa za babu zetu alafu Mzungu akija anauchukua mti ule ule anatuletea kidonge tunanunua. Mti wa kule Kilimanjaro gome lake linatibu tezi dume na Ufaransa wanauza dawa yake miaka yote, mbona hilo hujalisema? Mimi nauza miti shamba mwaka wa kumi na mbili na wateja wangu wanarudi kunishukuru. Wengine PSA zinashuka kabisa, vyeti ninavyo.

Mzee wa Kisahani

Chifu hilo la mti nakuunga mkono na nashukuru umelileta. Unaitwa Prunus africana, Wakikuyu wanauita muiri, upo Kilimanjaro, upo Mlima Kenya, upo mpaka Kamerun. Ufaransa wameutumia tangu mwisho wa miaka ya sitini na ulikwanguliwa gome mpaka 1995 ukawekwa kwenye orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake inadhibitiwa. Na uzuri wake ulipimwa kwa watu, sio kwenye visahani tu. Walijumlisha majaribio 18 yenye wanaume zaidi ya 1,500, kuamka usiku kukojoa kulipungua kwa asilimia 19 na kasi ya mkojo ikapanda asilimia 23. Sio mchezo.

Lakini chifu, hao walikuwa na tezi dume iliyotanuka kwa uzee, sio kansa. Ni magonjwa mawili tofauti kwenye nyumba moja. Na gome lile sifa zake zinapewa zaidi mafuta fulani yanaitwa fitosteroli na asidi zake, flavonoidi hazina jina pale.

Hapo kwenye wateja ambao PSA zinashuka ngoja nikupe kisa, kaa vizuri. Miaka ya tisini Marekani kulikuwa na vidonge vinaitwa PC-SPES. PC ni kansa ya tezi dume kwa kifupi chao na spes ni Kilatini cha matumaini. Mchanganyiko wa mimea 8, mingi ya Kichina, mmoja wapo ule mmea ambao mizizi yake ina baikaleini, flavonoidi inayosifika kwa kutuliza mchochota. Wanaume wakameza, PSA zikashuka kweli, madaktari wa vyuo vikubwa wakaandika ripoti, majaribio rasmi yakaanza. 2002 vikaondolewa sokoni. Walipovipima maabara wakakuta ndani kuna DES, ambayo ni estrojeni ya kiwandani iliyokuwa inatumika kutibu kansa hiyo hiyo zamani, wakakuta warfarini ya kuyeyusha damu, na wakakuta indometasini. Unajua indometasini ni nini? Dawa ya hospitali ya kutuliza mchochota! Yani ndani ya mimea ya kutuliza moto kulikuwa kumechanganywa kizimamoto cha kiwandani, na wagonjwa wanashukuru mimea.

Sisemi wewe unachanganya. Nasema vyeti vya PSA havitoshi kunionesha kilichomo kwenye kopo.

Mwiba wa Porini

Mimi sichanganyi kitu. Nasaga mwenyewe, mlonge na maganda ya vitunguu. Njoo uone.

Mzee wa Kisahani

Nakuamini kabisa na mlonge nakula, majani yake yana kwasetini na kemferoli na ni mboga nzuri. Uza kama mboga mkuu, mimi mwenyewe nitakuwa mteja. Usimwambie mtu aache sindano.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Wapendwa naomba kuchangia maana hawa wazee wa mpira wa mkojo nalala nao mimi. Wanachelewa mno. Anakuja mkojo umekatika kabisa, mgongo unauma mwaka mzima anasema ni jembe, ukimuuliza umetumia nini anakwambia hamna, mkewe pembeni anakohoa. Jamani semeni tu mnachokunywa! Hatupigi mtu. Balungi tu, tunda la kawaida kabisa, juisi yake inafanya dawa kadhaa za presha na za kolestro zipande kwenye damu kuliko daktari alivyokusudia, sasa wewe unga wa vitu sita nitaujuaje. Na vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa, wale wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema 2018 kwamba EGCG, ile katekini kuu ya chai ya kijani, kuanzia miligramu 800 kwa siku za vidonge inaonesha dalili za kuumiza ini. Chai ya kwenye kikombe haina neno, ni vidonge.

Mzee wa Kisahani

Asante dada yangu. Na hilo la balungi lina uchungu wake, waligundua kwa bahati pale London ya Kanada, wanatumia juisi kuficha ladha ya pombe kwenye jaribio la dawa ya presha, dawa ikapanda wakashangaa. Washukiwa wa kwanza walikuwa flavonoidi za balungi, baadae wakaja kuona mkosaji mkubwa ni kundi lingine.

Majani Chai 254

Salamu kutoka Kericho. Sasa hiyo chai ya kijani si ndio ilisaidia watu Italia? Nilisoma mahali. Na hapa kwetu tuko na ile ya zambarau TRFK 306, ilitolewa 2011, iko na anthosayanini kibao. Wakulima waliambiwa itawatajirisha, mpaka wa leo wengine wanaing'oa, lakini hiyo ni kesi nyingine. Niambie kama nikunywe ama niuze.

Mzee wa Kisahani

Kunywa na uuze bana. Anthosayanini nazo ni flavonoidi, ndo zinazotia hiyo zambarau.

Habari ya Italia ni ya kweli na ni nzuri sana kuisimulia kwa sababu ina sehemu ya kwanza na ya pili, na watu huwa wanasambaza ya kwanza. 2006 Bettuzzi na wenzake walichukua wanaume 60 ambao kipimo cha kinyama kilionesha seli zimeanza kuharibika lakini sio kansa bado. 30 wakapewa katekini za chai ya kijani miligramu 600 kwa siku, 30 vidonge vya geresha, yani visivyo na dawa ndani. Mwaka ukaisha, kwenye kundi la chai mmoja kapata kansa, kwenye kundi la geresha tisa. Mmoja kwa tisa! Dunia nzima ikaruka. Marekani wakarudia kwa wanaume 97, mwaka mzima, EGCG miligramu 400 kwa siku, majibu yakatoka 2015. Tofauti ya waliopata kansa haikuwa ya kuaminika. Hiyo ya pili sijawahi kuiona kwenye voisi hata moja.

Soya ni hivyo hivyo. Wanaume 177 waliokwisha tolewa tezi dume wakanywa protini ya soya gramu 20 kila siku hadi miaka miwili, majibu 2013, kansa ikarudi kwa asilimia 27.2 ya wa soya na 29.5 ya wasiopewa. Wakasimamisha mapema maana hakuna kitu.

Fundi Bomba

Mimi nauliza la kijinga. Kama shida ni moto na hii COX-2, kwanini wazee wasimeze diklofenaki wakamaliza kazi? Unaenda kuhangaika na kitunguu cha nini wakati kizimamoto chenyewe kipo duka la dawa la jirani?

Mzee wa Kisahani

Fundi, hili ndo swali bora la uzi mzima na wala sio la kijinga, mimi lilinichukua mwaka kulifikiria.

Kuna dawa inaitwa selekoksibu, kazi yake ni moja tu, kubana COX-2. Sio kama kwasetini inayogusa vitu hamsini kwa kubahatisha, hii ni ufunguo uliochongwa kwa kitasa hicho. Na inafika kwenye damu kwa kiwango kinachotakiwa, hiyo tofauti ya 50 kwa 1 haipo. Kwenye jaribio kubwa la STAMPEDE, Uingereza na Uswisi, wanaume wanaoanza matibabu ya homoni waliongezewa selekoksibu miligramu 400 mara mbili kwa siku hadi mwaka. 2011 wakalisitisha hilo kundi, kansa haikucheleweshwa vya kutosha hata kuendelea nalo. Dawa ya kweli, dozi ya kweli, kitasa sahihi, na mlango haukufunguka. Sasa nikikumbuka COX-2 yangu inavyoshuka kwenye karatasi na nilivyopiga simu usiku huwa naona haya kidogo.

Kwa nini? Mawazo yangu mimi, kansa ikishakomaa moto ule ni mmoja kati ya mingi, ukiziba hapa inapumulia kule. Kisahani hakikuoneshi hilo kwa sababu mle kuna seli za aina moja tu, hamna mishipa ya damu, hamna askari wa mwili, hamna mfupa wa kujificha. Na diklofenaki kila siku kwa mzee mwenye presha na figo zilizochoka, muulize Nesi hapo juu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Usiniulize, nitalia.

Bint Pangani

Kaka shikamoo, mimi msomaji tu leo nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Baba yangu ana miaka 58, anaumwa chini ya kitovu mwaka wa pili, anakojoa kwa maumivu, PSA 6, daktari alisema ni mchochota wa tezi dume wa muda mrefu, kinyama kimechukuliwa hamna kansa. Mdogo wangu yuko Muscat katuletea vidonge vya kwasetini miligramu 500. Sasa kwa maelezo haya nivitupe?

Mzee wa Kisahani

Marahaba dada. Usivitupe kabla hujaongea na daktari wake, maana kwa baba yako hadithi inageuka.

1999 Shoskes na wenzake kule Marekani walichukua wanaume 30 wenye tatizo kama la baba, mchochota wa muda mrefu usio na bakteria, wakawapa kwasetini miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa mwezi mmoja, wengine geresha. Waliopata nafuu ya angalau robo ya dalili zao ni asilimia 67 kwa kwasetini na 20 kwa geresha. Jaribio dogo na la mwezi mmoja, lakini ni kwa binadamu, na ni mchochota wenyewe waliokuwa wanautafuta. Kwahiyo ukiniuliza flavonoidi zimewahi kutuliza moto kwenye tezi dume ya mtu anayetembea, nitakuonesha hapo. Kwenye kansa sina pa kukuonesha.

Muhimu, baba asiache kufuatilia PSA, na daktari aambiwe jina la kidonge na dawa nyingine zote anazomeza.

Bint Pangani

Asante sana kaka. Anameza ya presha na ya kolestro. Nitamwambia daktari Jumatatu.

Maabara Boy

Mleta uzi hujasema kuhusu MTT, au unaogopa kuaibisha fani? 😂

Mzee wa Kisahani

Nimejua tu atatokea mtu wa ndani. Haya niaibike.

Wakuu, kujua seli zipo hai tunaweka dawa ya njano inaitwa MTT, seli hai zinaigeuza zambarau. Unasoma rangi kwa mashine, zambarau nyingi seli nyingi. Sasa flavonoidi zingine, kwasetini ikiwemo, zinaweza kuigeuza hiyo rangi zenyewe bila seli hata moja. Niligundua siku nimesahau kuweka seli kwenye safu nzima ya visima na mashine ikanipa seli hai. Seli hai wapi, kisima kitupu! Miezi minne ya takwimu nikarudia kwa njia nyingine.

Na katekini za chai zikikaa kwenye yale maji mekundu zinaoza kwa saa chache na kutoa haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda inayotoa povu. Kwahiyo kuna tafiti ambazo seli ziliuawa na povu la kidonda alafu sifa ikaenda kwa chai. Ndio maana wakemia wa dawa wameiweka kwasetini kwenye orodha yao ya wasumbufu, molekuli ambazo kila ukizipima zinaonekana zinafanya kazi kwenye kila kitu. Mimi bado naamini ile kazi ya IKK ina ukweli ndani yake, wale walifuata mpaka kwa panya. Ila ukiona karatasi ina picha moja ya MTT na mstari wa mwisho unasema "dawa tarajiwa", funga kompyuta ukale.

Mwiba wa Porini

Nimesoma yote mpaka mwisho. Swali dogo, hiyo sindano ya homoni ya mzee wako inafanya nini ambacho mimi sifanyi?

Mzee wa Kisahani

Swali la haki chifu. Charles Huggins, Chicago, 1941, alionesha kwamba ukimtoa mgonjwa korodani kansa ya tezi dume inanywea, kwa sababu homoni ya kiume ndo chakula chake. Alipewa Nobeli 1966. Sindano inafanya kazi ile ile bila kisu, inazima kiwanda cha homoni. Haiponyi kansa iliyofika kwenye mifupa, inaizuia, kwa wengine miaka mingi, ndo maana ukiruka sindano chakula kinarudi mezani na PSA inatoka chini ya 1 inakuja 14. Kwa mzee wangu nimeiona kwenye karatasi.

Mwiba wa Porini

Sawa. Mteja wangu mmoja yuko kwenye sindano pia. Nitampigia.

Sijui Kitu

Mleta uzi mzee anaendeleaje? Na nyanya je, maana hapa wife kapika rosti.

Mzee wa Kisahani

Rangi ya nyanya ni likopeni, sio flavonoidi, ni ukoo mwingine. Kula rosti yako.

Mzee tulikaa nae Jumapili. Sikumsomea karatasi hata moja, nilimuonesha tu tarehe za sindano na namba za PSA nimeziandika kwa kalamu kwenye daftari la mauzo ya kahawa, akavaa miwani, akakaa kimya muda mrefu, akauliza kliniki ni lini. Jumanne tukaenda, kachomwa. Sharti lake moja, kachumbari haimwondokei mezani, nikamwambia baba hata kilo.

Kopo alitaka kulitupa, bibi akalizuia. Anasema mfuniko wake unabana vizuri, ataweka chumvi.